Kelele za Kolbotn, na neno moja nyuma ya jalada

Nilipousikia muziki huu kwa mara ya kwanza nilidhani spika zimeharibika. Mpwa wangu akanihakikishia kwamba spika ni nzima na kwamba ule mkwaruzo ndio wimbo wenyewe. "Mjomba, usihangaike na maneno," akaniambia. "Fuata gita tu." Santuri yenyewe ilikuwa Transilvanian Hunger, iliyotolewa mwaka 1994 na kundi la Darkthrone kutoka Kolbotn, kitongoji kilicho kusini mwa Oslo nchini Norway. Nimeisikiliza mara nyingi tangu siku hiyo. Leo ningependa kumweleza msomaji kwa nini mtu aliyelelewa na benga na rumba anaiheshimu kazi hii, na pia kwa nini kuna kitu ndani yake kinachomkwama kooni.

Wenyewe wanauita muziki huu blaki metali, yaani metali nyeusi. Jina lilitoka kwa kundi la Venom la Newcastle, Uingereza, lililotoa santuri ya jina hilo mwaka 1982. Una ndugu yake, dethi metali, metali ya mauti, uliosifika sana kutoka Florida, Marekani, ambako makundi mengi yalirekodi katika studio ya Morrisound mjini Tampa. Ukiusikiliza ule wa Florida utasikia kila pigo la ngoma mahali pake, na mwimbaji akinguruma kutoka tumboni kama simba aliyeshiba. Wa Norway ni mwembamba na wenye kutu. Mwimbaji wake hangurumi, bali anapiga ukelele kama mtu anayeshindana na upepo.

Wengi husema kwamba vijana hawa walisikika hivyo kwa kukosa ujuzi au fedha. Si kweli. Mwaka 1991 Darkthrone walikuwa wamekwisha kutoa santuri safi ya dethi metali, Soulside Journey, iliyorekodiwa katika studio ya Sunlight huko Stockholm. Kampuni yao, Peaceville ya Uingereza, ikangojea nyingine ya namna hiyo hiyo. Badala yake ikaletewa, mwaka 1992, A Blaze in the Northern Sky, kazi kavu iliyopauka kama mfupa. Kampuni haikufurahi hata kidogo, lakini vijana wakashikilia lao hadi ikatoka vile vile walivyoitaka. Ilipofika zamu ya Transilvanian Hunger, Fenriz alipiga vyombo vyote peke yake, nyumbani, kwa mashine ndogo ya kunasia sauti yenye njia nne tu, na mwenzake Nocturno Culto akaongeza sauti ya kuimba. Umaskini ule wa sauti waliuchagua, kama mchoraji anayeziacha rangi zote na kushika mkaa.

Hebu tuuchukue wimbo wa kwanza, wenye jina la santuri. Unadumu dakika sita na kitu. Ngoma inashika mwendo mmoja wa mbio na haiuachi. Haina madoido, haipandi wala haishuki. Mkono wa mpiga gita unatetemeka juu ya nyuzi mpaka sauti zinashikana na kuwa kama uvumi wa nyuki, na ndani ya uvumi huo mnazunguka kijisehemu kifupi cha huzuni, kikirudi na kurudi. Mwenye haraka ataona uchovu mtupu. Lakini aliyewahi kuketi karibu na mpiga nyatiti anajua kwamba jambo likirudiwa vya kutosha, sikio huacha kungoja mabadiliko na kuanza kuingia ndani. Aliyecheza sebene hadi usiku wa manane anajua pia. Tofauti ni kwamba sebene inakusukuma kwa watu, na huu wa Kolbotn unakuacha peke yako penye baridi. Hata jukwaani watu hawa hawapandi, na ni tangu miaka ya tisini.

Ulikuwa kweli muziki wa chini kwa chini. Kabla ya kompyuta, kanda zilinakiliwa nyumbani na kuvuka bahari kwa posta, shabiki kwa shabiki, bila redio wala matangazo. Tena Fenriz mwenyewe amekuwa mfanyakazi wa posta kwa miaka mingi!

Sasa lile lililonikwama kooni. Nyuma ya jalada la santuri hiyo palichapishwa, kwa Kinorwe, kwamba hii ni metali ya "Kiarya". Watu walipolalamika, kundi likatoa taarifa iliyowatusi Wayahudi, kisha likaomba radhi, na neno lile likaondolewa katika matoleo ya baadaye. Isitoshe, maneno ya nyimbo nne kati ya nane yaliandikwa na Varg Vikernes, ambaye mwaka huo huo wa 1994 alifungwa miaka 21 kwa kumuua mwanamuziki mwenziwe, Øystein Aarseth wa kundi la Mayhem, na kwa kuchoma makanisa.

Wako wanaosema huo ulikuwa utundu wa vijana. Sikubali. Fenriz alikuwa na miaka 22, na mtu wa umri huo anajua anachokiandika. Neno lile lilikuwa likiniambia mimi, mtu mweusi, nitoke. Nimelifikiria sana, na jibu langu ni kwamba aliyeliandika hakuijua nyumba aliyokuwa akiifungia mlango. Gita zito la metali lilianzia kwa Black Sabbath wa Birmingham, na Sabbath walianza kama bendi ya bluzi. Fuata mto huo hadi kwenye chemchemi uone utawakuta kina nani.

Mpwa wangu hakubishana nami. Alinyamaza, akaweka kitu kingine: Duma, santuri ya mwaka 2020 ya vijana wawili wa Nairobi, Lord Spikeheart na Sam Karugu, waliokulia katika makundi ya metali ya mji huu. Jina lao wamelichota kwenye Kikuyu, nalo lina maana ya giza. Waliitoa chini ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala (jina ambalo kwa Kiganda halimtii mtu haya kama linavyotutia sisi). Ngoma zake ni za kompyuta, zinakimbia kupita uwezo wa mkono wa binadamu, na juu yake kuna ukelele ule ule nilioujua kutoka Kolbotn, safari hii bila ruhusa ya mtu yeyote.

Ulipokwisha wimbo wa kwanza nilimwomba aurudishe.