Spika Kubwa za Zamani: Jinsi Zifanyavyo Kazi, Zichakaavyo na Zitengenezwavyo

Katika baadhi ya nyumba, na hasa katika maduka ya vitu vilivyokwisha kutumika, huonekana masanduku makubwa ya mbao yenye kitambaa usoni, marefu kufikia kiuno cha mtu mzima na mazito kiasi cha kubebwa na watu wawili. Hizo ni spika za nyumbani zilizotengenezwa tangu miaka ya 1950 hadi miaka ya 1970, zama za santuri na redio za vali. Wenye nazo mara nyingi hufanya moja katika mambo mawili: ama huzitupa kwa kudhani kuwa zimekufa, ama huziunganisha na amplifaya yoyote iliyo karibu na kuzifungulia hadi mwisho. Yote mawili ni hasara. La kwanza hupoteza chombo ambacho sumaku, fremu na sanduku lake huenda vingali vizima; la pili huweza kuunguza kwa dakika chache kitu kilichodumu nusu karne. Makala haya yanaeleza kanuni zinazoendesha spika hizo, sababu za kuchakaa kwake, na njia ya kuzirudishia uhai bila kuziharibu wala kujidhuru.

UMEME UNAVYOGEUKA KUWA SAUTI

Spika nyingi za nyumbani hufuata kanuni iliyoelezwa mwaka 1925 na Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa kampuni ya General Electric ya Marekani. Waya mwembamba huzungushwa juu ya bomba jepesi na kuwa koili. Koili hiyo huwekwa ndani ya ufa mwembamba wa sumaku yenye nguvu. Mkondo wa umeme upitapo katika koili, koili husukumwa mbele au huvutwa nyuma kwa kufuata mwelekeo wa mkondo. Kwa kuwa koili imegandishwa kwenye kiwambo cha karatasi chenye umbo la pia, kiwambo nacho hutetemeka na kuisukuma hewa, kama kifanyavyo kiwambo cha ngoma.

Kwa nini basi masanduku yawe makubwa? Jawabu limo katika sauti nene. Ikiwa tunataka ukubwa wa sauti ubaki ule ule, kila mara tunapopunguza idadi ya mitetemo kwa nusu, hatuna budi kusukuma hewa mara nne zaidi. Kiwambo kitoacho mitetemo 25 kwa sekunde hulazimika kusukuma hewa mara 16 kuliko kitoapo mitetemo 100. Kwa hiyo sauti nene huhitaji kiwambo kipana, au kiwambo chenye mwendo mrefu, au vyote viwili.

Kuna jambo la pili. Kiwambo kinaposukuma hewa ya mbele huvuta hewa ya nyuma. Pasipo ukuta wa kuzitenganisha, mawimbi hayo mawili huzunguka na kufutana. Wimbi la mitetemo 40 kwa sekunde lina urefu wa karibu meta 8.5, nalo huzunguka kiwambo kitupu kwa urahisi. Ndiyo maana spika iliyotolewa sandukuni hulia sauti ya kikopo, hata ikiwa ni nzima kabisa.

NJIA MBILI ZA KUPATA SAUTI NENE

Wavumbuzi walilitatua tatizo hili kwa njia mbalimbali. Mwaka 1946 Paul Klipsch, mhandisi wa mji wa Hope katika jimbo la Arkansas, alianza kuuza spika ya baragumu iliyokunjwa ndani ya sanduku na kuwekwa katika pembe ya chumba, ili kuta zenyewe ziendeleze mdomo wa baragumu. Msomaji aliyepata kusikia siwa ikipulizwa anafahamu jinsi pumzi ndogo ya binadamu inavyoweza kusikika mbali sana ikipitia katika pembe inayopanuka taratibu. Baragumu huufanya msukumo mdogo wa kiwambo uishike hewa ya chumba barabara, na hivyo umeme kidogo hutoa sauti kubwa.

Mwaka 1954 Edgar Villchur na Henry Kloss, pia wa Marekani, walitoa spika ya AR-1 kwa njia iliyo kinyume. Waliziba sanduku pande zote na kukipa kiwambo ukingo laini sana, ili hewa iliyofungwa ndani iwe ndiyo kamani inayokirudisha kiwambo mahali pake. Sanduku lilipungua sana, na sauti nene ikawa safi. Lakini kila kitu kina gharama yake: spika ya namna hiyo huhitaji umeme mwingi zaidi. Kanuni ni kwamba katika mambo matatu, yaani sanduku dogo, sauti nene sana, na matumizi madogo ya umeme, mtengenezaji anaweza kuchagua mawili tu.

WATI NGAPI ZINATOSHA?

Spika nyingi za nyumbani hugeuza takriban asilimia moja tu ya umeme, au pungufu ya hapo, kuwa sauti. Sehemu iliyobaki huwa joto ndani ya koili. Uwezo huo hupimwa kwa desibeli zinazosikika umbali wa meta moja spika ikipewa wati moja. Spika kubwa za baragumu hufikia desibeli 100 au zaidi. Nyingi za sanduku lililozibwa hupata 85 hadi 90.

Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini sivyo. Kila desibeli 10 zinahitaji umeme mara kumi. Kinachofanywa na wati 1 katika spika ya desibeli 100 huhitaji wati 10 katika spika ya desibeli 90, na zaidi ya wati 30 katika ile ya 85. Kwa sababu hiyo amplifaya ya vali yenye wati 10 yaweza kuijaza sebule kwa spika ya baragumu, ilhali ikihemewa na spika nyingine ndogo kwa umbo.

Wengi hudhani kwamba amplifaya dogo haliwezi kuunguza spika kubwa. Dhana hiyo ina hatari. Amplifaya likilazimishwa kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi hukatwa vikawa bapa. Wimbi lililokatwa hubeba nguvu zaidi kwa wastani, tena huzaa mitetemo ya juu isiyokuwamo katika muziki. Mitetemo hiyo huelekezwa kwenye kiwambo kidogo cha sauti nyembamba, ambacho koili yake ni nyembamba mno, nacho huungua. Sauti ikianza kukwaruza, punguza mara moja.

SUMAKU NA HISTORIA YA KOLWEZI

Spika nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zina sumaku iliyochanganywa kwa chuma, alumini, nikeli na kobalti. Kobalti ndiyo inayounganisha masanduku haya na bara letu, kwani sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilitoka Katanga, jimbo lililoitwa Shaba wakati nchi hiyo ikiitwa Zaire. Mwezi Mei 1978 waasi waliuteka mji wa madini wa Kolwezi. Hofu ya uhaba ikaenea na bei ya kobalti ikapanda mara kadhaa. Watengenezaji wengi wa spika wakahamia sumaku za feraiti, ambazo hazihitaji kobalti. Ndiyo sababu spika za kampuni moja, zenye sura moja, huweza kuwa na sumaku za aina mbili kufuatana na mwaka zilipotengenezwa. Sumaku ya kobalti hudumu sana, ila huweza kupungua nguvu kwa kugongwa au kwa kupitishiwa mkondo mkubwa kupita kiasi. Fundi mwenye mtambo unaofaa anaweza kuitia sumaku upya.

KINACHOOZA NA KISICHOOZA

Sehemu ya kwanza kufa ni ukingo unaokishika kiwambo, ikiwa ulitengenezwa kwa sponji. Sponji hiyo huvunjwa na unyevu wa hewa pamoja na mwanga wa jua, na mara nyingi hugeuka vumbi baada ya miaka 10 hadi 20. Katika hali ya joto na unyevu, kama ilivyo pwani yetu, huharibika upesi zaidi. Bonyeza ukingo taratibu kwa kidole: ukibomoka, usiipigie spika hiyo muziki, maana koili huenda upande na kujikwaruza kwenye sumaku. Kingo za kitambaa hudumu zaidi.

Sehemu ya pili ni kapasita zilizomo ndani ya sanduku, ambazo kazi yake ni kuzuia sauti nene isikifikie kiwambo kidogo. Kapasita za maji ya kemikali hubadilika thamani kadiri miaka inavyopita. Badala yake itiwe kapasita isiyo na upande chanya wala hasi, yenye mikrofaradi zile zile, na yenye volti sawa au zaidi. Sehemu ya tatu ni sanduku lenyewe, ambalo adui zake ni mchwa, bungua na maji ya sakafuni.

HATUA ZA MATENGENEZO

Anza kwa kupima koili kwa mita. Spika ya omu 8 kwa kawaida huonyesha kama omu 6; mita isipoonyesha mkondo wowote, koili imekatika. Kiwambo kikubwa chaweza pia kujaribiwa kwa kukigusisha mara moja betri ya volti 1.5: katika spika nyingi kitaruka mbele ikiwa chanya imegusa chanya. Usijaribu hivyo kwa kiwambo kidogo.

Kubadili ukingo wa sponji ni kazi ya subira kuliko nguvu. Pima kipenyo cha kiwambo na cha fremu kabla ya kununua ukingo mpya. Ondoa sponji na gundi ya zamani bila kuchana karatasi. Gandisha ukingo mpya kwanza kwenye kiwambo, uache ukauke, kisha kwenye fremu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ufa wa sumaku ni mwembamba mno, na koili isipokaa katikati kabisa itakwaruza. Sukuma kiwambo ndani na nje kwa vidole vya mikono miwili huku ukisikiliza. Kusisikike mkwaruzo wowote. Acha siku nzima kabla ya kupiga muziki.

UMEME NA USALAMA

Kabla ya kuunganisha amplifaya la zamani, pima milango yake ya spika kwa mita ya volti za mkondo mnyoofu. Katika amplifaya zima la transista isizidi sehemu ndogo sana ya volti. Ikiwa ni volti kadhaa, amplifaya ni bovu na litaunguza koili. Usiunganishe spika ya omu 4 na amplifaya lisiloruhusu chini ya omu 8, wala usiwashe amplifaya la vali bila spika. Waya za bei kubwa si lazima: waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, kwa umbali wa meta 5, una ukinzani wa omu 0.12 tu, kwenda na kurudi.

Vyombo vilivyotengenezwa kwa ajili ya Marekani huhitaji volti 120, na umeme wa nchi zetu ni karibu mara mbili ya huo. Pasipo transfoma ya kupunguza, vitaungua. Zaidi ya hayo, kapasita za amplifaya la vali huweza kuhifadhi volti 300 hadi 500 hata baada ya kuchomolewa, kiasi kinachoweza kuua. Asiye na ujuzi asilifungue, amwachie fundi.

Mwisho ni masikio. Sauti ya desibeli 85 inavumilika kwa saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo hupungua kwa nusu, hata kufikia robo saa tu kwa desibeli 100. Spika kubwa hufika huko bila kukwaruza, na kwa hiyo bila kumwonya msikilizaji. Ukingo wa sponji hubadilishwa, na kapasita hununuliwa nyingine. Lakini chembe za kusikia zilizo ndani ya sikio zikifa hazioti tena.