Bujumbura hadi Brussels: kwa nini safari huchukua muda mrefu kuliko umbali wake

Mashine inapoharibika katika kiwanda cha Zone Industrielle, eneo la viwanda lililo jirani na bandari ya Bujumbura, na kipuri chake kikawa kinapatikana Ulaya pekee, swali la kwanza huwa ni moja: kitafika lini? Swali hilo hilo huulizwa na familia inayomngoja ndugu anayetoka Ubelgiji.

Kwa mstari mfupi kabisa juu ya uso wa dunia, umbali kati ya Bujumbura na Brussels ni takriban kilomita 6,500. Ndege kubwa ya abiria ikiwa angani huenda kwa mwendo wa kilomita 850 hivi kwa saa. Kwa hesabu hiyo, safari ingemalizika kwa muda usiofika saa nane.

Hali halisi ni tofauti, kwa kuwa msafiri hulazimika mara nyingi kupitia mji mwingine. Anayepitia Addis Ababa, kwa mfano, husafiri kwanza kilomita 1,700 hivi kuelekea kaskazini mashariki, kisha kilomita 5,600 hivi hadi Brussels. Jumla ni kilomita 7,300. Mzunguko huo huongeza kilomita 800, yaani takriban saa moja tu ya kuruka. Kinachorefusha safari ni kutua, kungoja ndege ya pili na kuondoka tena. Kungoja huko kwaweza kuchukua saa nyingi kuliko mzunguko wenyewe.

Mzigo nao hupitia hayo yote na zaidi. Hupakuliwa, hungoja nafasi katika ndege inayofuata, na ukifika Bujumbura hupitia forodha kabla ya kukabidhiwa mwenyewe.

Jambo jingine linalowachanganya wasafiri ni saa. Saa zinazoandikwa kwenye tiketi ni za mji husika. Addis Ababa iko mbele ya Bujumbura kwa saa moja. Ndege ikiondoka Bujumbura saa 16:00 na kutua Addis Ababa saa 19:30, safari imechukua saa mbili na nusu, wala si tatu na nusu. Brussels nayo huwa nyuma ya Bujumbura kwa saa moja wakati wa baridi, lakini kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba miji hiyo miwili huwa na saa sawa.

Zaidi ya hayo, tiketi haifuati hesabu ya saa ya Kiswahili. Saa 08:00 ya tiketi ni saa mbili asubuhi, na saa 20:00 ni saa mbili usiku. Asiyezingatia tofauti hiyo anaweza kufika uwanjani ndege ikiwa imekwisha kuondoka.

Kwa hiyo, anayepanga safari au kuagiza kipuri hana budi kuuliza, pamoja na umbali, ndege itapitia wapi na itangoja huko kwa muda gani.