Johannesburg: Mimba isiyotarajiwa na hesabu ya wiki 12

Kuanzia kituo cha Park Station hadi Hillbrow, Berea na Yeoville, nguzo za taa, mapipa ya taka na kuta za jiji la Johannesburg zimejaa vikaratasi vilivyobandikwa kwa gundi. Vingi vina tangazo moja: kutoa mimba kwa haraka, bila maumivu, siku hiyo hiyo. Chini huwekwa jina la mtu anayejiita daktari na namba ya simu ya mkononi. Anwani haipo.

Mitaa hiyo ndiyo wanamoishi wengi wa ndugu zetu walioteremka Bondeni kutafuta maisha, wakiwemo Watanzania, Wakenya, Warundi na Wakongo wa mashariki. Maswali yao kuhusu mimba isiyotarajiwa hayatofautiani sana na yale yanayoulizwa Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu. Hata hivyo, Afrika Kusini ina sheria inayompa mwanamke nafasi ya kuchagua, na nafasi hiyo ina muda wake. Wapo wanaopitwa na muda huo kwa sababu wanaogopa kupima, au wanaamini kwamba kliniki ya serikali si ya mgeni. Katika makala haya tunajibu maswali yanayoulizwa mara kwa mara.

Ilitokea jana usiku. Kuna la kufanya?

Ndiyo. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinauzwa katika maduka ya dawa ya Afrika Kusini bila cheti cha daktari, na kliniki za serikali hutoa bure. Vinafanya kazi vizuri zaidi vikimezwa mapema, na kwa kawaida huhesabiwa ndani ya saa 72. Kitanzi cha shaba, ambacho wengine huita lupu, kikiwekwa ndani ya siku tano huzuia mimba kwa uhakika mkubwa zaidi. Lakini ieleweke kwamba vidonge hivyo havitoi mimba iliyokwisha kuingia.

Nimechelewa siku zangu. Nipime lini?

Kipimo cha mkojo hutafuta homoni iitwayo hCG, ambayo mwili huanza kuitoa baada ya mimba kujishika kwenye ukuta wa kizazi. Kwa hiyo kupima siku mbili tatu baada ya kukutana na mwanamume ni kupoteza fedha. Siku nzuri ya kuanza ni ile ya kwanza ya kukosa hedhi. Ambaye hedhi yake haina mpangilio ahesabu siku 21 tangu alipokutana na mwanamume bila kinga, kisha apime.

Mkojo wa asubuhi ndio bora, kwa kuwa homoni inakuwa nyingi zaidi ndani yake. Jibu lisomwe katika dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, kwani mstari unaojitokeza baada ya saa kadhaa hauhesabiwi. Mstari wa pili uliofifia, ikiwa umetokea kwa wakati, uchukuliwe kuwa ni ndiyo. Jibu likiwa hapana na hedhi bado haijaja, rudia baada ya wiki moja.

Je, sukari, chumvi au dawa ya meno vinaweza kupima mimba?

Hapana. Mkojo ukichanganywa na vitu hivyo unaweza kutoa povu au kuganda, mwenye mimba na asiye na mimba sawasawa. Hakuna hata kimoja kinachotambua homoni. Utepe wa karatasi wa bei nafuu katika duka la dawa unatafuta homoni ile ile inayotafutwa na kipimo cha bei kubwa, na katika kliniki ya serikali unapimwa bure.

Inafaa kukumbuka kwamba Afrika Kusini ina nafasi yake katika historia ya vipimo hivi. Mwaka 1933 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Hillel Shapiro na Harry Zwarenstein, walieleza namna ya kupima mimba kwa kutumia chura wa nchi hiyo wa jamii ya Xenopus. Chura jike alidungwa mkojo wa mwanamke, na akitaga mayai ndani ya saa kadhaa, mimba ipo. Vyura hao walisafirishwa ng'ambo kwa maelfu na kutumika katika maabara hadi miaka ya 1960. Leo kazi ile ile inafanywa na utepe mmoja kwa dakika chache.

Niko kwenye sindano, na tena niliona damu kidogo. Bado naweza kuwa mjamzito?

Inawezekana. Sindano ya uzazi wa mpango huweza kusimamisha hedhi kabisa, hivyo aliyechelewa kurudia sindano anaweza kushika mimba bila kuona dalili ya kukosa siku zake. Aidha, baadhi ya wanawake huona matone ya damu mwanzoni mwa mimba wakadhani ni hedhi. Damu ikiwa kidogo kuliko kawaida yako, pima.

Wiki zinahesabiwa kuanzia lini?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mimba haihesabiwi tangu siku mliyokutana, wala tangu siku ya kupima. Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 kuhusu kusitisha mimba, iliyoanza kutumika Februari 1, 1997, inahesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kama wanavyohesabu wakunga.

Chukua mfano wa dada ambaye mzunguko wake ni wa siku 28. Siku anayokosa hedhi, mimba tayari ina wiki nne. Akingoja mwezi mmoja zaidi huku akijipa moyo, imekwisha fika wiki nane. Akikusanya fedha na kutafuta ushauri kwa mwezi mwingine, wiki 12 zimemalizika.

Na wiki 12 si namba ya bure. Hadi hapo, sheria inamruhusu mwanamke kuomba mimba isitishwe bila kutoa sababu, na muuguzi au mkunga aliyepata mafunzo anaweza kumhudumia. Kuanzia wiki ya 13 hadi ya 20 lazima daktari aridhike kwamba kuna sababu zilizotajwa katika sheria, kama vile hatari kwa afya ya mwili au akili, ubakaji, kasoro kubwa ya mtoto, au hali ya maisha itakayoathirika vibaya. Baada ya wiki 20 mlango unabaki mwembamba sana.

Mistari ni miwili. Nina njia gani?

Ziko tatu, na hakuna anayeruhusiwa kukulazimisha kuchagua mojawapo. Ya kwanza ni kulea mimba. Ukiamua hivyo, anza kliniki mapema. Utapimwa damu, kaswende na virusi vya UKIMWI, na mama atakayekutwa na virusi hupewa dawa zinazomlinda yeye na mtoto.

Ya pili ni kuzaa na kumtoa mtoto aasiliwe kupitia ustawi wa jamii. Mama aliyesaini kukubali ana siku 60 za kubadili uamuzi wake. Ya tatu ni kusitisha mimba. Idhini inayotakiwa na sheria ni ya mwanamke mwenyewe, wala si ya mume, mchumba au mkwe. Binti aliye chini ya miaka 18 hushauriwa azungumze na wazazi au mtu anayemwamini, lakini hawezi kunyimwa huduma kwa kuwa hakufanya hivyo.

Sina makaratasi. Si watanifukuza?

Nelson Mandela alitangaza bungeni Mei 24, 1994 kwamba wajawazito na watoto wa chini ya miaka sita watatibiwa bure. Sheria ya Taifa ya Afya ya mwaka 2003 ikaliandika jambo hilo kwa wote wasio na bima ya matibabu, na ikaweka pia huduma ya bure ya kusitisha mimba kwa mujibu wa sheria. Hata hivyo, baadhi ya hospitali za jimbo la Gauteng ziliendelea kuwatoza wageni. Aprili 2023 Mahakama Kuu ya Johannesburg ilitamka kwamba sera hiyo ni kinyume cha sheria, na kwamba wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo wahudumiwe bure bila kujali uraia wala hati.

Tusidanganyane kwamba hukumu imemaliza matatizo. Mwaka 2025 wafuasi wa kundi la Operation Dudula walisimama kwenye milango ya kliniki wakiwazuia wageni, hadi Novemba mwaka huo mahakama ilipowapiga marufuku. Kwa hiyo ni vyema usiende peke yako. Nenda na mtu, ikiwezekana anayejua Kizulu au Kiingereza vizuri. Ukikataliwa, uliza jina la aliyekukataa na umwombe msimamizi wa kliniki. Mashirika ya kutetea haki kama SECTION27 na Lawyers for Human Rights hufuatilia mambo haya.

Na wale wa kwenye vikaratasi?

Hao ni vishoka. Asiyesajiliwa akisitisha mimba anaweza kufungwa hadi miaka 10. Haijulikani vidonge vyao ni vya nini, na hawaulizi mimba ina wiki ngapi wala kama imetunga nje ya kizazi. Mwenye maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu au maumivu ya bega akimbilie hospitali, kwani mimba ya nje ya kizazi inaua. Vivyo hivyo aliyekwisha meza vidonge hivyo, akilowesha pedi mbili kila saa kwa saa mbili mfululizo, akipata homa au uchafu wenye harufu mbaya, asijifiche.

Na sisi tulio nyumbani?

Sheria ni nyingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu pale mtaalamu wa afya anapoona kuna dharura au maisha au afya ya mama iko hatarini. Tanzania, Kanuni ya Adhabu inakataza, isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Lakini kote huko, mwanamke ambaye mimba yake imeharibika, kwa namna yoyote ile, anapaswa kutibiwa hospitalini.

Dar es Salaam au Johannesburg, jambo la kwanza halibadiliki. Andika tarehe ya kwanza ya hedhi yako kila mwezi, kwenye kalenda au kwenye simu. Siku ukichelewa, pima wiki hiyo hiyo. Uamuzi wowote utakaoufuata utakuwa na muda wa kutosha, na hutalazimika kuupeleka kwenye namba ya simu iliyobandikwa nguzoni.