Mgeni wa Misheni na Somo la UKIMWI

Kwa miongo kadhaa sasa, makanisa na vyama vya kimisheni vya Marekani na Ulaya vimekuwa vikituma Afrika watu wa kujitolea, wengi wao wakiwa vijana, ili kuwafundisha wanafunzi kuhusu virusi vya UKIMWI, ambavyo kwa kifupi huitwa VVU. Kazi hiyo ilipata msukumo mpya mwaka 2003, serikali ya Marekani ilipoanzisha mpango wa dharura wa kukabiliana na UKIMWI ujulikanao kama PEPFAR, uliotengewa dola bilioni 15 kwa miaka mitano, na mashirika ya dini yakawa miongoni mwa wapokeaji wa fedha hizo. Sheria ya mpango huo iliagiza kwamba thuluthi moja ya fedha za kinga itumike kuhimiza kujiepusha na ngono hadi ndoa, sharti ambalo lililegezwa mwaka 2008. Mafundisho ya wageni wa misheni yalifuata mwelekeo huohuo, nayo yanastahili kupimwa kwa kile yanachobadilisha katika maisha ya kijana.

Mafundisho ya kinga kwa kawaida hujengwa juu ya nguzo tatu, yaani kuacha ngono, kuwa mwaminifu na kutumia kondomu. Mfano unaotajwa zaidi ni Uganda, ambako kiwango cha maambukizi, maana yake sehemu ya watu wanaoishi na virusi kwa wakati fulani, kilishuka sana katika miaka ya 1990. Hata hivyo, kaulimbiu iliyovuma nchini humo, ya kutolisha nje, ilikopwa kwa wafugaji wa ng'ombe wa zizini, ambaye hali malisho ya nje, na ililenga hasa watu wazima wapunguze idadi ya wapenzi. Mahubiri mengi ya kimisheni kwa vijana, kinyume chake, yaliiegemea nguzo ya kwanza, yakiichukulia ndoa kuwa ngome, ilhali msichana aliyejitunza hadi siku ya harusi anaweza kuolewa na mwanamume ambaye tayari ana virusi asivyovijua.

Ushahidi wenye uzito juu ya jambo hili ulipatikana magharibi mwa Kenya, katika utafiti uliohusisha shule za msingi 328. Mchumi Pascale Dupas na wenzake walitumia mgawanyo wa nasibu, njia ambayo shule huchaguliwa kwa mfano wa kura ili tofauti itakayoonekana baadaye isitokane na sifa za shule zenyewe. Kwa kuwa vijana hawasemi kweli daima wanapoulizwa habari za ngono, watafiti walihesabu mimba, ambazo ni dalili isiyofichika ya ngono isiyo na kinga. Kuwapa walimu mafunzo ya mtaala wa taifa, uliosisitiza kujiepusha hadi ndoa, hakukupunguza mimba za wanafunzi. Katika shule 71 kati ya hizo, afisa wa mradi aliingia darasa la nane kwa kipindi kimoja tu cha dakika 40, akaonyesha filamu fupi na kuandika ubaoni viwango vya maambukizi kwa kila rika na jinsia, na katika mwaka uliofuata mimba zikapungua kwa asilimia 28.

Somo la afisa huyo lilihusu hatari linganishi, yaani tofauti ya hatari kati ya chaguo moja na jingine. Wasichana walikuwa wamekwisha kuonywa mara nyingi na wazazi, walimu na wachungaji, lakini hakuna aliyewaambia kwamba mwanamume mwenye umri mkubwa na kipato, ambaye matangazo ya redio nchini Tanzania yalimbandika jina la Fataki, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na virusi kuliko kijana wa rika lao. Matokeo haya yanapunguza nguvu ya lawama iliyozoeleka, kwamba mgeni hafai kwa sababu hukaa siku chache, kwani dakika 40 zilitosha pale zilipojazwa habari mpya. Wosia ambao kijana ameshausikia kanisani kwake hauongezeki uzito kwa kuletwa kutoka ng'ambo.

Mbali na kukosa habari mpya, mafundisho hayo yana upungufu wa pili ulio mzito zaidi, kwa sababu unawagusa wanafunzi waliomo darasani wakiwa na virusi walivyopata kwa mama zao wakati wa ujauzito, kujifungua au kunyonya. Somo linalounganisha maambukizi na dhambi huwahukumu kwa jambo wasilolitenda, na linaweza kuwafanya wafiche dawa za kufubaza virusi au waache kuzimeza, ingawa mtu anayezitumia ipasavyo hadi wingi wa virusi katika damu ushuke na kutogundulika hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Kasisi Gideon Byamugisha wa Kanisa la Anglikana Uganda, aliyetangaza hadharani mwaka 1992 kwamba anaishi na VVU, alisaidia kuunda mtandao wa viongozi wa dini wa Afrika wanaoishi na virusi au walioguswa navyo. Mtandao huo ulipendekeza mkabala unaounganisha kinga ya kila aina, upatikanaji wa dawa, upimaji wa hiari na uwezeshaji kwa elimu, na hivyo ukaonyesha kwamba imani na sayansi zinaweza kukaa katika somo moja.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na uponyaji huo una masharti yake. Mgeni wa misheni anayefika na takwimu za eneo husika, akafundisha bega kwa bega na mwalimu na muuguzi wa zahanati iliyo karibu, anaacha nyuma yake watu wawili ambao mwanafunzi anaweza kuwaendea siku swali lake la kweli litakapomjia, na swali hilo kwa kawaida huja mgeni akiwa amekwisha kupanda ndege.