Kufufua Shingo ya Gitaa Kuukuu la Umeme

Shingo ya Telecaster za mwanzo, gitaa la umeme ambalo Fender walianza kulitengeneza California mwanzoni mwa miaka ya 1950, ni kipande kimoja cha mepo, mti mgumu mweupe wa Amerika Kaskazini. Imefungwa kwenye kiwiliwili kwa skrubu nne tu. Fundi huichomoa kwa bisibisi akaitengeneza peke yake, nafuu ambayo mwenye Gibson Les Paul hana, kwa kuwa shingo yake imegandishwa kwa gundi.

Kinachoangaliwa kwanza ni unyoofu, urembo hungoja. Nyuzi huivuta shingo ipinde kwa mbele, na ndani yake kuna ufito wa chuma wa kuirudisha. Uzi wenyewe hutumika kama rula: hubanwa kwenye freti (vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo) ya kwanza na ya mwisho, kisha huangaliwa upenyo uliobaki juu ya freti ya 7 au ya 8. Robo milimita hivi inatosha. Ukizidi, nati ya ufito hukazwa kidogo kidogo, robo mzunguko kwa zamu. Tatizo ni kwamba katika magitaa haya nati imefichwa kwenye kitako cha shingo, ndani ya kiwiliwili, hivyo hakuna kuigusa bila kulegeza skrubu zile nne. Si ajabu mengi huachwa yamepinda.

Freti zilizolika kidogo husawazishwa kwa tupa. Zilizokwisha hubadilishwa, na hapo ndipo shingo nyingi huharibiwa. Freti za Fender za zamani ziliingizwa kutokea ubavuni. Zikivutwa juu kwa koleo hutoka na vibanzi vya mbao pamoja na laka. Fundi mzoefu huzipasha moto kwa chuma cha kulehemu, kisha huzisukuma taratibu zitokee ubavuni.

Laka huja mwisho. Kabla ya kushika msasa, tone la asetoni hupakwa kwenye kitako, mahali pasipoonekana. Laka ikilainika, ni nitroselulosi, iliyotumika hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Isipolainika, huenda ni poliesta iliyoifuata. Tofauti hiyo ni kubwa: koti jipya la nitroselulosi huyeyukia ndani ya lile la zamani, hivyo sehemu iliyochubuka huzibwa bila kubandua kote. Na kubandua kote mara nyingi ni hasara, maana wanunuzi huithamini laka ya kiwandani hata ikiwa imechakaa.

Weusi wa jasho kwenye mbao iliyo wazi husafishwa, kisha laka hupulizwa kwa makoti membamba, mbali na moto, fundi akiwa amevaa barakoa. Hukauka juu upesi lakini huchukua wiki kadhaa kukomaa. Ndipo hupigwa msasa laini wa maji, kuanzia namba 800. Mgongo wa shingo ni afadhali uachwe bila mng'ao mkali, kwani laka inayong'aa hunata kiganja kikitoka jasho.