Ubao wa Alamisho Katika Ofisi ya Chama: Mali Isikae Ndani ya Kontena

Katika ziara zangu za ukaguzi mkoani Shinyanga na Geita nimezoea kuuliza swali moja kabla sijafungua daftari la fedha: "Anwani za mifumo mnayoitumia zimeandikwa wapi?" Mara nyingi jibu huwa lile lile: "Zimo katika simu ya meneja." Makala haya yanakusudia kueleza njia moja ya kuzitoa anwani hizo katika simu ya mtu mmoja na kuziweka katika ofisi ya chama. Aidha, yanakusudia kutahadharisha juu ya kosa moja ambalo limekwisha kuwagharimu wenzetu.

MILANGO IMEONGEZEKA

Zamani katibu wa chama cha msingi alihitaji kuijua milango michache tu: Chama Kikuu, benki, na ofisi ya ushirika ya wilaya. Siku hizi milango ni mingi, na mingi haina bawaba, kwa kuwa ni anwani za tovuti. Taarifa za chama hupelekwa katika MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, ulio chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Choroko na dengu zilizokusanywa ghalani huuzwa kwa mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, tulijualo kwa herufi TMX. Kodi ina mlango wake, benki ina wake, Bodi ya Pamba ina wake. Kwa wenzetu wa Geita, vyama vya wachimbaji wadogo hufuatilia leseni na bei elekezi za Tume ya Madini, hasa tangu soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa mwezi Machi 2019.

Iwapo anwani zote hizo zimo katika simu ya mtu mmoja, basi siku simu itakapoibiwa, au mtu huyo atakapougua au kuacha kazi, chama hubaki kikipapasa gizani. Aliyeachiwa kazi hutafuta jina la mfumo katika intaneti na kufungua ukurasa wa kwanza anaouona. Matapeli wanalijua jambo hilo, nao hutengeneza kurasa zinazofanana na za kweli ili wanase maneno ya siri. Anwani za Serikali yetu huishia na herufi go.tz, lakini mtu mwenye haraka, wakulima wakimsubiri nje, hasomi mwisho wa anwani.

UBAO WA ALAMISHO NI NINI?

Alamisho ni anwani ya ukurasa iliyohifadhiwa kwa jina linalosomeka, ili mtumiaji aifungue kwa kubonyeza tu, bila kuiandika upya. Ubao wa alamisho ni ukurasa mmoja unaozionyesha alamisho zote za ofisi zikiwa zimepangwa kwa mafungu: Taarifa za Chama, Masoko, Kodi, Benki, Hali ya Hewa. Kazi yake ni ile ile ya ubao wa matangazo uliotundikwa ukutani mwa ofisi zetu: kila mhusika anauona, na kilichobandikwa ni cha chama, si cha aliyekibandika.

Zipo huduma za mbali ambazo humtunzia mtu alamisho zake. Tatizo ni kwamba mwenye nyumba anaweza kufunga mlango. Huduma ya Delicious ilianza mwaka 2003, ikanunuliwa na Yahoo mwaka 2005, ikauzwa tena na tena, na mwaka 2017 ikaacha kupokea alamisho mpya. Huduma ya Pocket ilifungwa mwezi Julai 2025. Sisi wanaushirika tunaifahamu hali hiyo. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vilifutwa kwa amri ya Serikali, ununuzi wa pamba ukawa mikononi mwa Mamlaka ya Pamba, na mkulima akalazimika kujifunza upya ni mlango gani wa kubisha, hadi Sheria ya mwaka 1982 iliporuhusu ushirika kurudi. Mwenye busara huweka kumbukumbu zake mahali anapopamiliki mwenyewe.

Kwa sababu hiyo yafaa ubao wa alamisho uwekwe katika kompyuta ya ofisi. Programu za kazi hiyo zipo, nazo hazilipiwi: miongoni mwake ni Flame, Homer, Heimdall na linkding. Kompyuta ya zamani inayowaka vizuri hutosha.

KONTENA LA PROGRAMU

Programu nilizozitaja huwekwa kwa urahisi zaidi ndani ya kontena. Msomaji asishtuke, mkazi wa Shinyanga anayajua makontena kuliko watu wengi, kwa kuwa bandari kavu ya Isaka iko mkoani kwetu. Kabla ya makontena, shehena ilipakuliwa gunia kwa gunia na kreti kwa kreti, na kila chombo kilihitaji mpango wake wa upakiaji. Mwaka 1956 Mmarekani Malcom McLean alisafirisha melini makasha yaliyofungwa, ambayo yalihamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine bila kufunguliwa. Dereva wa lori pale Isaka hana haja ya kujua kilichomo. Anachohitaji ni kasha lenye vipimo vinavyojulikana.

Programu za kompyuta nazo zilikuwa na taabu ya magunia. Kila moja ilidai vikorokoro vyake, na vya moja viligombana na vya nyingine. Mwaka 2013 ilitangazwa Docker, programu iliyorahisisha mno kazi ya kufunga kila programu pamoja na mahitaji yake yote katika kontena moja. Anayetaka kuitumia huvuta kigezo chake kutoka katika intaneti mara moja, na kutoka katika kigezo hicho kompyuta huunda kontena. Kontena likiharibika, hufutwa na lingine kuundwa kwa dakika chache.

Lakini katika wepesi huo wa kufuta ndimo ilimofichika hatari.

KOSA LILILOTOKEA

Chama kimoja cha msingi ambacho sitakitaja kilimpata kijana mwenye ujuzi, mtoto wa mwanachama, akawawekea ubao mzuri wa alamisho. Kwa miezi mingi ulifanya kazi barabara. Umeme ulikatika na kurudi, kompyuta ikazimwa na kuwashwa, na alamisho zilibaki pale pale. Kamati ikaridhika, meneja akazifuta anwani katika simu yake, na karatasi zilizobandikwa ukutani zikaondolewa.

Msimu wa choroko ulipokaribia, kijana alirudi ili kuweka toleo jipya la programu. Akalifuta kontena la zamani, akaunda jipya. Ubao ukafunguka ukiwa mtupu. Alamisho zote, pamoja na maelezo ya hatua za kuwasilisha taarifa ambayo meneja aliyaandika kwa uangalifu, zilikuwa zimetoweka, na mnada ulikuwa kesho yake. Nilifika ofisini hapo wiki iliyofuata. Meneja alinieleza kwamba usiku ule alipiga simu kwa vyama jirani akiomba anwani moja moja, huku wakulima wakimwuliza choroko zao zimeuzwa au bado. Naye kijana alikuwa ameketi pembeni, hasemi neno.

Sikuona uzembe wa mtu mmoja. Niliona jambo ambalo hakuna aliyeelezwa: kitu kilichoandikwa ndani ya kontena hudumu maadamu kontena lenyewe halijafutwa. Kulizima na kuliwasha hakupotezi kitu, ndiyo maana kosa hili hukaa kimya miezi mingi. Siku kontena linapofutwa, vilivyomo huondoka nalo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lenyewe ndilo lililopotea bila habari.

NAMNA YA KUFANYA VIZURI

Dawa ni kuliunganisha kontena na ghala lililo nje yake, yaani folda ya kawaida katika kompyuta. Programu iwe ndani ya kontena, kumbukumbu ziwe ghalani. Kontena likifutwa, ghala hubaki. Kontena jipya likiundwa, huelekezwa kwenye ghala lile lile. Kwa mfano, katika kompyuta inayotumia Linux na iliyokwisha kuwekwa Docker, programu ya Flame huanzishwa kwa amri hii, iandikwayo katika mstari mmoja:

docker run -d --name ubao --restart unless-stopped -p 5005:5005 -v /srv/ubao:/app/data -e PASSWORD=nenolasiri pawelmalak/flame

Tuichambue amri hiyo kipande kwa kipande. Herufi -d huagiza kontena lifanye kazi kimyakimya bila kushikilia skrini. Sehemu ya --name ubao hulipa kontena jina. Sehemu ya --restart huliagiza liamke lenyewe umeme urudipo na kompyuta iwashwapo. Alama -p hufungua mlango namba 5005, ambao kompyuta na simu zilizounganishwa na mtandao wa ofisi zitapitia. Alama -e hutoa neno la siri la mwenye ruhusa ya kubadili ubao. Neno lililoandikwa hapo juu ni mfano tu, kila chama kichague lake. Maneno ya mwisho ni jina la kigezo.

Kipande chenye uzito kuliko vyote ni -v /srv/ubao:/app/data. Upande wa kushoto wa nukta mbili ni ghala la ofisi. Upande wa kulia ni mahali ambapo programu, ikiwa ndani ya kontena, hudhani inaandika. Kipande hicho kikisahauliwa, ubao utafunguka vizuri kabisa wala hautatoa onyo lolote. Chama kile kilisahau kipande hicho tu.

Kwa hiyo msiamini macho. Fanyeni jaribio kabla hamjaandika alamisho za kweli. Wekeni alamisho moja ya majaribio. Lifuteni kontena kwa amri ya docker rm -f ubao. Kisha liundeni upya kwa amri ile ile ya mwanzo. Alamisho ikionekana, ghala lipo. Isipoonekana, mmepoteza alamisho moja tu, nanyi mmelijua kosa mapema.

UTARATIBU WA OFISI

Ujuzi wa kompyuta pekee hautoshi. Hauna budi kufuatwa na utaratibu. Kwanza, kila anwani ihakikiwe na watu wawili kabla ya kuwekwa ubaoni, kwa kulinganisha na barua rasmi ya taasisi husika au kwa kuuliza ofisi ya ushirika. Anwani moja ya uongo ubaoni itawapotosha wote kwa pamoja.

Pili, maneno ya siri ya MUVU, ya benki au ya mfumo mwingine wowote yasiandikwe kamwe katika ubao huu. Ubao unaonyesha mlango ulipo, haubebi ufunguo. Hali kadhalika, orodha za wanachama na namba zao za simu zisiwekwe humo, kwani taarifa za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Tatu, ubao utumike ndani ya mtandao wa ofisi tu. Anayeshawishi kwamba ufunguliwe kwa dunia nzima ili ufikiwe kutoka nyumbani aombwe kwanza kueleza jinsi atakavyoulinda.

Nne, kila Ijumaa folda ya /srv/ubao inakiliwe katika diski ndogo, nayo ifungiwe kabatini pamoja na kitabu cha stakabadhi. Kabla ya kunakili, kontena lisimamishwe kwa docker stop ubao, kisha liwashwe kwa docker start ubao, ili nakala iwe kamili. Kompyuta huibiwa na huungua. Ghala moja halitoshi.

Tano, amri nzima iliyotumika kuliunda kontena iandikwe kwa kalamu katika daftari la ofisi, pamoja na tarehe na jina la aliyeitekeleza. Neno la siri lisiandikwe humo. Lihifadhiwe katika bahasha iliyofungwa, nayo ishikwe na mwenyekiti. Ujuzi wa kazi hii uwe kwa watu wasiopungua wawili, na ikiwezekana mmoja awe mjumbe wa bodi.

Ndugu Wanaushirika, chama nilichokieleza kimekwisha kuurudisha ubao wake, na safari hii ghala lipo. Kijana yule hakufukuzwa. Bodi iliamua awafundishe meneja na mjumbe mmoja mpaka wawe na uwezo wa kuliunda kontena bila yeye kuwapo, na nilipopita mara ya mwisho mjumbe huyo, mama mkulima wa pamba, alilifuta kontena mbele yangu na kuliunda tena akisoma katika daftari. Alamisho zote zilirudi. Nami nitakapofika katika ofisi zenu nitaomba kuonyeshwa hilo hilo, kabla sijafungua daftari la fedha.