Utangulizi: Kuzamia Maji ya Mpakani

Wengi wanaotaka kujifunza kuzamia huelekea Diani au Nungwi, kwenye matumbawe na maji maangavu. Mimi nakualika Busia na Malaba, kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, ambako ukinyoosha mkono mbele ya miwani huenda usivione vidole vyako. Wala usidhani kwamba mto ni mgeni katika elimu hii. Mwaka 1943, huko Ufaransa, Jacques Cousteau alikijaribu kifaa cha kupumulia alichokibuni pamoja na mhandisi Émile Gagnan katika Mto Marne, karibu na Paris. Alipolala kifudifudi kilimpa hewa vizuri. Aliposimama wima hewa ikavuja ovyo, wakarudi kukirekebisha. Kifaa tunachobeba leo pamoja na mtungi wa hewa kilijaribiwa kwanza mtoni.

Itazame ramani kwanza. Mto Malaba, unaotenganisha Kenya na Uganda pale penye foleni ya malori, huingia Uganda, ukajiunga na Mpologoma hadi Ziwa Kyoga. Mto Sio, ambao nao huwa mpaka katika sehemu yake ya chini, huteremka hadi Ziwa Victoria karibu na Sio Port. Lakini Nile hutoka Victoria pale Jinja ikapita Kyoga, kwa hiyo maji yaliyoachana huku kwetu hukutana tena kule. Katika maji haya yuko ningu, samaki anayepanda mito wakati wa mvua ili atage. Katika karne ya 20, nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito zilimpunguza mno. Kuyajua maisha yake chini ya maji ni kazi ninayotamani vijana waichukue.

Hesabu za kuzamia nazo hubadilika huku. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya mto kwa asilimia 2.5 hivi, hivyo mzamiaji wa Mombasa akija hapa hupunguza risasi za kiunoni kwa kilo mbili au zaidi, la sivyo atazama zaidi ya alivyokusudia. Halafu Busia iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa inayoyakandamiza maji ni pungufu kwa asilimia 13. Majedwali ya kuzamia yaliyotungwa kwa ajili ya pwani hayafai ziwani bila kusahihishwa. Hatari kubwa zaidi, naona, ni safari ya kurudi nyumbani: aliyezamia ziwani asubuhi asipande basi la jioni la Nairobi linalopita Timboroa, zaidi ya mita 2,700, kwa maana naitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kutoa mapovu kadiri hewa inavyopungua.

Mtoni penyewe kina ni kifupi, na adui ni mkondo, magogo na nyavu zilizotelekezwa. Hapo macho hayafai kitu. Mzamiaji hufungwa kamba, na mwenzake aliye ukingoni huishika asiiachie hata kidogo; mvuto mmoja, miwili, mitatu, kila mmoja una maana waliyokubaliana. Hutafuta kwa kuzunguka nusu duara, kisha kamba ikaongezwa urefu wa mkono, akazunguka tena. Vidole hujifunza kutofautisha changarawe na udongo wa mfinyanzi, mzizi na uzi wa wavu. Kisu huwa mahali ambapo mikono yote miwili hukifikia.

Ujuzi huu wenyeji wanao tangu zamani, bila mtungi. Mwanzoni mwa 2022, taifa la Kenya liliposhtushwa na habari za miili iliyopatikana Mto Yala, wazamiaji wenyeji wa huko ndio waliokuwa wakiitoa. Nawaheshimu sana, na sioni aibu kuwaita walimu. Kwa hiyo kabla hujaifungua sura ya kwanza, nenda ukingoni mwezi wa Januari, maji yakiwa yamepungua, ukae na wavuvi asubuhi moja. Waulize viboko hupita wapi, mamba alionekana lini, na ule mti ulioangushwa na mafuriko umelalia upande gani.